Sarafu za Katanga: ukikuta moja nyumbani, usiiuze kwa kilo

Kwa kijana wa Kasongo au Kabambare, pesa ni noti. Tangu falanga ya sasa ianze mwaka 1998, masoko yetu hayatumii sarafu. Ndiyo maana kipande cha chuma kilichobaki ndani ya sanduku la babu kinaweza kuishia kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Lakini baadhi ya vipande hivyo vinatafutwa na wakusanyaji wa sarafu duniani.

Wakusanyaji hao wanapenda sana sarafu za nchi zilizojitangaza zenyewe bila kutambuliwa. Mfano ni Sealand, ngome ya jeshi la Uingereza iliyojengwa baharini wakati wa vita kuu ya pili. Mwaka 1967 Roy Bates, aliyekuwa meja wa jeshi, aliitangaza kuwa nchi. Tangu 1972 imetoa sarafu zake, ingawa hakuna serikali inayoitambua.

Kongo nayo ina mfano wake, ila wetu haukuwa mchezo. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Ilikuwa na jeshi, bendera na benki yake, lakini hakuna nchi iliyoitambua. Mwaka 1961 ilitoa sarafu za falanga 1 na falanga 5. Upande mmoja una ndizi, upande wa pili msalaba wa shaba ambao wazee wa kusini waliutumia kama pesa kabla ya ukoloni.

Mpaka wa Katanga hiyo ulikuwa karibu na Kasongo na Kabambare. Kongolo, upande wa kusini, ilikuwa uwanja wa vita. Tarehe 1 Januari 1962 askari waliua wamisionari 20 huko. Kujitenga kuliisha Januari 1963, na pesa ile ikakosa kazi.

Sarafu nyingine ya wakati wa vita ni falanga 2 ya Kongo ya Wabelgiji ya mwaka 1943, yenye pembe sita na picha ya tembo. Ilitengenezwa Philadelphia, Marekani, kwa sababu Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani.

Je, sarafu hizi zinaleta utajiri? Za kawaida, hapana: zilitengenezwa nyingi na bei yake ni ndogo. Lakini Katanga ilitoa pia falanga 5 ya dhahabu. Kabambare ni eneo la wachimbaji, na mnunuzi wa dhahabu hupima uzito tu. Ikiyeyushwa, mwenyewe analipwa gramu, na sarafu haipo tena.

Anayekuta sarafu ya zamani asiisugue kwa mchanga wala limau, kwa maana mikwaruzo inashusha bei. Aiweke kwenye karatasi kavu, aulize bei kwa watu zaidi ya mmoja, na aandike ilitoka kwa nani. Wazee walioishika sokoni wanazidi kupungua, na habari zao haziandikwi juu ya sarafu.