Springi za nyuma hubadili bei ya pikapu kuukuu

Mnunuzi makini wa pikapu kuukuu ya Chevrolet C10 nchini Marekani huinama kwanza nyuma ya gari. Nyingi za mwaka 1967 hadi 1972 zilitoka kiwandani na springi za koili, ekseli ikishikwa na mikono miwili mirefu. Ndugu zake wa GMC walitumia zaidi springi za bapa. Toleo la 1973 likaleta bapa kwa wote.

Tofauti hiyo ni fedha. Mwenye koili akitaka kulishusha gari hununua koili fupi na shokapu fupi, kisha hurekebisha upau unaozuia ekseli kwenda kando. Mwenye bapa huihamishia ekseli juu ya springi. Gari hushuka takriban inchi sita, lakini chesisi hukatwa ili ekseli ipate nafasi. Mifuko ya hewa hupendeza macho, ila pampu, tangi na mabomba yake ni gharama ya pili.

Kwa mbeba mizigo, bapa bado ni nafuu. Anayenunua ili auze atazame chesisi: ikishakatwa, mteja wa gari la asili hupita, na waliobaki huuliza nani alichomelea.