Vitabu Vitatu vya Masika, na Mtoto wa Mwenzetu

Ukimwuliza mama yeyote wa Moshi kwa nini hasomi vitabu, jibu unalijua kabla hajafungua kinywa: muda hana. Kuna majani ya ng'ombe, kuna ndizi za kumenya, kuna kikao cha harusi na kikao cha usharika. Mimi ni muuguzi, nafanya zamu za mchana na za usiku, nami nasema muda upo, ila ni wa vipande vipande. Masika, mvua inaponyesha mlimani siku tatu mfululizo na njia za Kibosho na Uru zikawa utelezi mtupu, vipande hivyo huongezeka.

Masika iliyopita nilisoma vitabu vitatu, vyote vya Kiswahili. Kimoja ni riwaya ya mambo ya kale, kimoja ni hadithi ya ajabu yenye majini na manyani, na cha tatu ni maisha ya mwanamke aliyeishi kweli. Sikuvichagua kwa mpango. Lakini vyote vilinipeleka kwenye jambo moja ambalo akina mama tunalo chini ya paa zetu na hatupendi kulizungumza.

Mtoto aliyewekwa rehani

Cha kwanza ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza na kikatoka mwaka 1994. Tafsiri ya Kiswahili ni ya Ida Hadjivayanis, nayo ilichapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2022. Habari zake ni za wakati wa Wajerumani, hadi mlangoni mwa vita ya mwaka 1914.

Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo isiyokwenda vizuri. Mara kwa mara anakuja mgeni, tajiri wa pwani anayeitwa Mjomba Aziz, na kila anapoondoka humwachia mtoto sarafu mkononi. Siku moja Yusuf anaambiwa atasafiri na mjomba. Anapanda treni. Ni huko pwani, katika duka la huyo tajiri, ambapo kijana mwenzake Khalil anamweleza mambo yalivyo: yule si mjomba wako, baba yako anadaiwa, nawe uko hapa badala ya deni. Khalil mwenyewe alifika kwa njia hiyo hiyo.

Neno rehani tunalijua sote. Huku kwetu watu huweka rehani kihamba, cherehani, hata pikipiki. Gurnah anatuonyesha rehani inayokula, inayolala barazani na kulia usiku, na inayompenda aliyeichukua kwa sababu haina mwingine wa kumpenda. Aziz si mtu mkali. Ananukia vizuri, anasema kwa upole, hapigi. Hapo ndipo mwandishi alipofanya kazi kubwa, maana angekuwa mkatili tungesema huyo si mimi na kuendelea kumenya ndizi zetu.

Msomaji wa Biblia atamtambua Yusuf mara moja. Ni kijana mzuri wa sura, ametolewa kwao, na mke wa bwana anamtamani. Katika Mwanzo 39 Yusufu anaacha vazi lake mikononi mwa mke wa Potifa. Katika Korani kanzu inachanika kwa nyuma, na mchaniko huo ndio unaomtetea. Gurnah amefuata hiyo ya pili. Na huyo bibi mkubwa wa nyumba mimi sikuweza kumchukia. Ana alama usoni, amejifungia ndani, na ameamini kwamba kijana huyu ndiye dawa yake. Wodini tunawaona wagonjwa wa namna hiyo, ambao maumivu yamewafanya wamwonee yule yule anayewahudumia.

Je, ni kitabu cha kumpa mtoto wa darasa la sita? Hapana. Wanaume wa msafara wana midomo michafu, na mambo mengine yanahitaji mtu mzima. Pia safari ya bara ni ndefu, nami niliruka kurasa mbili tatu kwa Sultani Chatu, nikazirudia baadaye. Lakini usiruke pale Yusuf anapokaa kwa Hamid mwenye duka na kupanda naye mlimani kuuza bidhaa. Msomaji wa huku atazipenda kurasa hizo zenye maporomoko ya maji.

Mwisho wake sikuupenda. Nilitaka Yusuf arudi kwa mama yake. Badala yake anakimbilia nyuma ya msafara wa askari wa Wajerumani. Binti yangu, aliyekisoma kabla yangu, aliniuliza, "Sasa mama, angekwenda wapi?" Sikuwa na jibu, na bado sina.

Mbona tunamjua huyo mjomba?

Akina mama wenzangu, tuseme wazi. Mjomba Aziz anapita vijijini kwetu hata leo, ila mara nyingi ni shangazi. Anakuja Krismasi na gari, anakaa sebuleni, anakunywa chai. Anamwona binti wa miaka 12 au 13 akiosha vyombo, anasema, "Nipeni huyu, nitamsomesha." Wazazi wana deni la ada ya kaka yake, au mama ni mgonjwa, au kahawa haikulipa. Binti anapelekwa Moshi mjini, Arusha, Dar es Salaam. Mshahara wake, kama upo, unatumwa kwa baba.

Sisi wa kliniki ya watoto tunakutana nao kila wiki. Mtoto wa miezi minane analetwa kupimwa uzito akiwa amebebwa na mtoto. Namwuliza, "Mama yake yuko wapi?" "Kazini." Anaharisha tangu lini? Hajui vizuri. Amekula nini? Anaona haya. Lakini nikimwuliza yeye ana miaka mingapi, jibu linatoka kabla sijamaliza swali: "Kumi na nne." Ameambiwa aseme hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mtoto awe amefikisha miaka 14 ndipo aajiriwe, tena kwa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kuamka saa 10 alfajiri na kulala wa mwisho si kazi nyepesi.

Najua mama atakayesema, "Mimi wangu namtunza vizuri, anakula tunachokula." Hata Yusuf alikula vizuri.

Majini, manyani na wivu wa ndugu

Kitabu cha pili ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Hiki ni kifupi, unakimaliza kwa zamu moja ya usiku iliyo tulivu. Mfalme Rai wa Ughaibuni anapata habari za Adili, liwali wake wa Janibu, kwamba kila usiku anawachapa manyani wawili. Tunakuja kugundua manyani hao ni kaka zake, Hasidi na Mwivu, aliowasaidia walipofilisika nao wakamtupa baharini kwa wivu. Jini Huria, aliyewahi kuokolewa na Adili, ndiye aliyewageuza na kuamuru wachapwe.

Mama mmoja wa umoja wetu aliona jalada akanishauri nisikiweke nyumbani, kwa kuwa majini si mambo ya Mkristo. Namheshimu sana mama huyo, lakini hapa sikubaliani naye. Afungue Waamuzi sura ya 9. Atakuta miti inafanya mkutano, inazungumza, inatafuta mfalme, mpaka inamwendea mmiiba. Hakuna anayesema Yothamu alikuwa akiabudu miti. Na bibi zetu walitusimulia habari za irimu kando ya moto, tukalala tukiwa tumeelewa kwamba si kila mgeni mwenye maneno matamu afunguliwe mlango. Hadithi ya ajabu inampa mtoto nafasi ya kuutazama uovu kwa mbali, akiwa salama mapajani mwa mama.

Kilichonichoma ni ile fimbo. Adili hapendi kuwachapa. Anaumia. Lakini anaendelea, kwa sababu ameamriwa, na kwa sababu asipofanya adhabu itamgeukia yeye. Ni mfalme, mtu wa nje, anayeona jambo hilo halifai na kuwaombea mpaka wanarudishiwa ubinadamu. Nilifikiri juu ya nyumba zetu. Mara ngapi jirani anasikia binti wa kazi akichapwa, anaongeza sauti ya redio?

Lawama yangu kwa Shaaban Robert ni kwamba wema wake ni wema mno na wabaya wake ni wabaya mno. Majina yenyewe yanakuambia kila kitu, na Hasidi hawezi kukushangaza. Lugha yake pia ina maneno ambayo kijana wa leo atahitaji kamusi. Hilo la pili si kosa. Someni kwa sauti, mama na watoto, kurasa nne nne baada ya chakula cha jioni.

Muuza vyungu wa Fumba

Cha tatu ni cha mwandishi huyo huyo, Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, kijiji cha Unguja, katika nyumba maskini. Hakupelekwa shule. Alifinyanga na kuuza vyungu, akivibeba hadi mjini kwa miguu, akinadi kwa sauti ambayo watu walisimama kuisikiliza. Alipohamia mjini mwaka 1911 alikutana na mwanamuziki Ali Muhsin, aliyeisikia sauti hiyo na kumfundisha. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikasikika kote pwani. Shaaban Robert aliwahi kuzungumza naye mwenyewe, kabla hajafariki mwaka 1950.

Kama wasifu, kina upungufu. Mwandishi anamsifu Siti kupita kiasi, na anapotaka kutufundisha tabia njema anamwacha bibi wa watu amesimama anangoja. Nilitamani kujua zaidi juu ya uzazi wake, nani alimlelea mtoto alipokuwa safarini, alikula nini siku vyungu visiponunuliwa. Mwanamke angeuliza hayo. Hata hivyo ni kitabu ninachowapendekezea kina mama kuliko vyote vitatu, kwa sababu ya yule Ali Muhsin. Hakumwona muuza vyungu tu. Alisikia kitu, akatoa muda wake, akafundisha.

Binti aliye jikoni kwako ana nini? Mmoja namfahamu ambaye anapiga hesabu za soko la Mbuyuni kichwani haraka kuliko mama mwenye nyumba anavyobonyeza simu. Hajamaliza darasa la nne. Kwa watoto kama huyu upo mpango wa MEMKWA, elimu ya msingi kwa waliokosa. Ulizeni katika shule ya msingi iliyo karibu au kwa afisa elimu wa kata.

Peponi sasa kimeazimwa na jirani yangu. Juzi alinisimamisha njiani akaniambia amefika pale Yusuf anapogundua yule si mjomba, akashindwa kuendelea, akaenda jikoni kumwuliza msichana wake: siku ile ulipopanda basi kuja huku, uliambiwa unakwenda kufanya nini? Msichana alisema aliambiwa anakwenda shule. Jumatatu wanakwenda wote wawili kumwona mwalimu mkuu.