Sungura Polisi, Mbweha Mshukiwa: Usawiri wa Jamii katika Katuni ya Upelelezi

Hadithi ya upelelezi huanza na kosa, lakini swali lake kubwa ni hili: nani anashukiwa kwanza? Kabla ushahidi haujapatikana, jamii huwa tayari ina mtu wake. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi swali hilo linavyojitokeza katika Zootopia, filamu ya katuni ya kampuni ya Disney iliyoongozwa na Byron Howard na Rich Moore na kutolewa mwaka 2016, kisha kuipima kwa macho ya mtu aliyelelewa na ngano zetu.

Kwa ufupi, kisa ni cha mji wa wanyama watupu. Tisa katika kila kumi ni wala majani. Wala nyama ni wachache. Judy Hopps, sungura wa kwanza kuwa polisi mjini humo, anapewa kazi ya kuandikia magari faini. Mkuu wake ni nyati aitwaye Bogo, na sikio la Mswahili humsikia “mbogo” mara moja. Wanyama 14 wanapotea. Judy anamlazimisha Nick Wilde, mbweha tapeli wa mitaani, amsaidie kuwatafuta. Wanapopatikana, kumbe wote ni wala nyama waliogeuka wakali, na Judy anawatamkia waandishi wa habari kwamba huenda ukali huo umo katika maumbile yao. Hofu inauchana mji vipande viwili. Mwishoni inajulikana kuwa ni njama ya kondoo Bellwether, naibu meya, aliyetumia sumu ya maua ili wala nyama waogopwe naye atawale.

Kifani, msanii amewachukua wahusika bapa wa masimulizi ya Ulaya (mbweha mwerevu asiyeaminika, sungura mnyonge, kondoo mpole) akawageuza. Lakini hebu tujiulize: mtazamaji wa kwetu anaugundua mgeuzo huo? Katika ngano tulizosimuliwa, sungura ndiye mjanja. Ndiye anayekataa kuchimba kisima na wenzake, halafu usiku anakuja kuiba maji. Kwa hiyo mtoto wa Morotonga akimwona sungura na pingu mkononi atacheka kwa sababu nyingine kabisa: eti mwizi wa kisima leo ndiye polisi!

Kicheko hicho kina hoja ndani yake. Mnyama ni mmoja. Kule mnyonge, huku mwizi. Basi sifa yake haikuzaliwa naye, imetoka kinywani mwa msimuliaji. Filamu inajitahidi kutufundisha jambo hilo, na ngano zetu zinalithibitisha kwa njia fupi zaidi.

Hata hivyo, hapo hapo ndipo ilipo kasoro ya filamu. Sisi tunaopakana na Hifadhi ya Serengeti tunajua kuwa simba akiingia zizini hula ng'ombe kweli, na kumwogopa si ubaguzi. Filamu nayo inakiri kwamba hapo kale wala nyama waliwawinda wenzao. Sasa ikiwa wala nyama wanasimama badala ya watu wanaoshukiwa kwa rangi au kabila lao, fumbo linampa mbaguzi kile hasa anachokitaka: kwamba hofu yake ilikuwa na msingi.

Jambo hili halipo mbali nasi. Katika vichekesho vyetu vingi Mkurya huingia na sauti ya ukali na panga. Ni utani, na mkoani Mara hatuchukii utani. Mimi mwenyewe nimeulizwa bwenini kama nimekuja na panga, nikacheka pamoja nao. Lakini simu ya mwenzetu ilipopotea, macho yalinigeukia kabla hata ya mtu kuuliza nani alibaki na ufunguo. Simu ilikutwa chini ya godoro la mwenyewe. Hakuna aliyeniomba radhi, kwa kuwa hakuna aliyesema neno. Siku ile nilielewa kuwa mhusika bapa hutoka jukwaani akaja kulala nasi chumbani.

Fasihi ya Kiswahili ilikwisha kutuonyesha njia nyingine. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), hatosheki na maneno ya mzimu yaliyokwisha kukubaliwa. Yeye hutafuta mkono wa mtu. Mpelelezi wa namna hiyo huanza kwa kuishuku hadithi yenyewe iliyomtaja mshukiwa.

Kwa hiyo, wenzangu, tunapohakiki kazi ya upelelezi, iwe katuni au riwaya, tusiridhike kuhesabu ni makabila au rangi ngapi zimo. Tuangalie pia nani anatiliwa shaka katika kurasa za mwanzo, na mwandishi ametumia ushahidi gani kumtaja. Kama hana ushahidi isipokuwa jina na lafudhi ya mhusika, basi kosa la kwanza katika kisa hicho amelitenda mwandishi.