Shimo la Kunywa Maji ya Mvua

Wewe mwenye nyumba huko Kasapa, tazama ua wako mwezi wa 1, mvua ikiisha kunyesha. Mfereji umejaa tope, maji yamesimama mlangoni, na matofali ya chini ya ukuta yamelowa. Kama ni matofali mabichi, ukuta huo hauna siku nyingi. Pengine umekata mfereji mwingine kupeleka maji kwa jirani. Hapo umempa jirani shida yako, na kesho mtaitana mbele ya mkubwa wa mtaa.

Iko njia nyingine: shimo lenye mawe, ambalo linapokea maji ya paa na kuyapa udongo pole pole.

Kwanza ujue maji yako ni mengi namna gani. Milimeta moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja. Paa la meta 6 kwa meta 5 lina meta 30 za mraba. Basi mvua moja kubwa ya milimeta 30 itakuangushia lita 900. Nasi watu wa Lubumbashi tunapata karibu milimeta 1,200 kila mwaka, karibu zote toka mwezi wa 11 hata mwezi wa 4. Kwa hiyo chimba wakati wa kiangazi, usingoje mawingu.

Mahali pa shimo pawe upande wa mteremko, hatua 6 mbali na ukuta, na hatua 40 mbali na kisima. Usichimbe penye kichuguu. Udongo wake ni mwema kwa matofali, lakini maji hauyanywi upesi.

Sasa uulize udongo. Chimba meta moja na nusu, na katikati ya sakafu ufanye kishimo cha sentimeta 30. Jaza maji, acha yaishe, jaza tena. Mara ya pili ndiyo yenye kusema kweli, maana udongo mkavu una kiu, na mara ya kwanza utakudanganya. Yakiisha kwa saa chache, mahali ni pema. Yakilala hata asubuhi, fukia, ujaribu pengine. Tena mwezi wa 3 upime kisima kwa kamba na jiwe: toka sakafu ya shimo hata maji ya chini ibaki meta moja ao zaidi.

Shimo la meta moja na nusu pande zote linashika lita 3,375. Lakini mawe yanakula karibu sehemu mbili kwa tatu, zinabaki lita 1,125. Zinatosha kwa paa tuliyohesabu. Tia mawe ya ukubwa wa ngumi, ao vipande vya matofali yaliyochomwa sana. Yaoshe kwanza.

Usichukue mawe meusi ya makapi ya tanuru la shaba, hata ukipewa bure. Ndani yake mna kobalti na zinki, na maji ya shimo hushuka kwenda visimani. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba walikuta kobalti nyingi katika mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Tusiongeze.

Shimo langu mimi la kwanza lilikufa kwa mvua tatu. Mawe yalikuwa na udongo, tena niliacha maji ya ua yaingie pamoja na ya paa. Tope likaziba nafasi zote, nikachimba upya mbele ya jirani wenye kucheka. Basi, kabla ya shimo kubwa jenga kishimo kidogo cha matofali na simenti, kina chake kama ndoo mbili. Maji yaingie humo kwanza, tope litue chini, na maji ya juu yapite kwa bomba kwenda kwenye mawe. Bomba hilo lifunge wavu mdogo, na kishimo ukifunike, mbu wasizae humo wala mtoto asianguke. Juu ya mawe tandaza magunia yenye kupitisha maji, kisha udongo wa sentimeta 30.

Maji ya choo na ya sabuni yasiingie kamwe. Na kila mvua kubwa ikipita, funua kishimo kidogo, uchote tope kwa kopo, ulimwage shambani.