Kabla ya Mapazia: Kuiandaa Nyumba ya Kupangisha kwa Jicho la Afya

Mwenye nyumba anayekamilisha vyumba vya kupangisha katika viunga vya Dar es Salaam, iwe Mbezi, Kigamboni au Chanika, aghalabu hufika mwisho wa ujenzi akiwa na fedha kidogo na haja kubwa ya kumpata mpangaji mapema. Fedha hizo huzielekeza mahali panapoonekana: dari ya jasi yenye taa za rangi, marumaru zinazong'aa, mapazia mazito, na kochi litakalopendeza katika picha za dalali. Mpangaji huja, hulipa kodi ya miezi sita, na kazi huonekana imekwisha. Masika yanapoingia, ukuta wa chumba cha kulala hutoa ukungu mweusi, mtoto hukohoa usiku, na maji ya tanki huanza kunuka. Miezi sita ikitimia, mpangaji hufunga virago, na chumba hubaki kitupu kikimsubiri mwingine.

Mpangaji mwema, kwa lugha ya wenye nyumba, ni yule anayelipa kwa wakati, anayetunza alichokikuta, na anayekaa miaka badala ya miezi. Sifa hizo tatu hazitegemei tabia yake peke yake. Mzazi anayelala hospitalini na mtoto mwenye malaria hupoteza siku za kazi, na fedha ya kodi huenda kwenye dawa na nauli. Anayeamka kila siku akiwa amechoka kwa joto, kunguni au kikohozi huanza kutafuta pengine pa kuhamia. Kwa sababu hiyo, uandaaji wa nyumba ya kupangisha unapaswa kuanza na yale ambayo mwili wa mkaaji utayahisi usiku wa kwanza, ndipo yafuate yale ambayo macho yatayaona mchana wa kwanza.

Hewa ni samani ya kwanza

Vimelea vya kifua kikuu husafiri hewani. Mgonjwa ambaye hajaanza matibabu anapokohoa, chembe ndogo mno huelea ndani ya chumba kwa saa kadhaa, na kinachozipunguza ni hewa safi inayoingia na kuisukuma nje ile iliyotumika. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadilisha hewa takribani mara 28 kwa saa, ilhali vyumba vilivyotegemea mitambo vilikadiriwa mara 12. Wodi za kizamani, zenye dari za juu na madirisha mapana, ziliyashinda majengo mapya. Fundisho hilo linaihusu pia nyumba ya kuishi, kwa kuwa familia hulala ndani ya chumba kimoja kwa saa nane au zaidi kila usiku.

Hapa ndipo dirisha la alumini la kusukuma linapohitaji kufikiriwa upya. Linapendeza na huzuia vumbi, lakini hata likisukumwa hadi mwisho hufunguka nusu tu ya upana wake. Anayelichagua hana budi kulifanya pana zaidi, au kuchagua dirisha linalofunguka lote. Chumba kikiwa na matundu mawili katika kuta tofauti, upepo hupita. Kikiwa na moja tu, hewa husimama. Kabati kubwa halifai kuzibishwa dirishani, na pazia jepesi linalopitisha upepo lina manufaa kuliko zito linaloshikilia vumbi. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakiondoi haja hiyo, kwani hupooza na kuzungusha hewa ileile iliyomo chumbani.

Ukungu wa ukutani nao ni dalili ya unyevu, na unyevu una chanzo: bati linalovuja, bomba lililopasuka ndani ya ukuta, au maji yanayopanda kutoka kwenye msingi. Kupaka rangi mpya juu ya ukungu na kupulizia manukato siku ya kuonyesha nyumba ni kuahirisha tatizo hadi mvua ijayo. Kwa mtu mwenye pumu, ukungu huo waweza kuamsha shambulio. Chanzo kizibwe kwanza, ukuta ukauke, ndipo rangi ipakwe.

Mwongozo wa makazi na afya uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 uliutaja msongamano kuwa miongoni mwa hatari kuu za nyumba. Mwenye nyumba anayeigawa sebule kwa mbao ili apate chumba cha ziada huongeza kodi ya mwezi, lakini pia huongeza idadi ya watu wanaovuta hewa moja.

Ni vyema kutahadharisha kwamba hofu ya kifua kikuu isigeuzwe kuwa sababu ya kumkataa mpangaji. Ugonjwa huu hauenezwi kwa vyombo, shuka wala kiti cha choo, na mgonjwa anayetumia dawa zinazofaa hupungua uwezo wa kuambukiza ndani ya muda mfupi. Kinachowalinda majirani zake ni dirisha lililo wazi na matibabu yanayokamilishwa. Kumfukuza humwondoa karibu na kliniki yake na kuyahatarisha matibabu hayo.

Mbu wa usiku na mbu wa mchana

Mbu aenezaye malaria huuma zaidi usiku, na wengi huingia kupitia madirisha na uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Katika jaribio lililofanyika Gambia, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009, nyumba zilizowekewa nyavu milangoni na madirishani na kuzibwa uwazi wa chini ya paa zilipunguza mbu wanaoingia kwa takribani asilimia 59. Watoto wenye upungufu wa damu walikuwa kiasi cha asilimia 12 katika nyumba hizo, dhidi ya asilimia 19 katika nyumba ambazo hazikuwekewa nyavu. Hayo yalipatikana kwa kazi ya fundi wa kawaida, bila kifaa kigeni.

Wavu wenye tundu moja lililochanika, au usiobana kwenye fremu, hupoteza sehemu kubwa ya maana yake. Kabla ya kukabidhi funguo, kila wavu ukaguliwe na kila pengo lizibwe. Chumba kinachokodishwa pamoja na kitanda kiwe na ndoano imara darini na chandarua kinachokitosha kitanda chenyewe. Samani hiyo ni ya gharama ndogo, lakini mpangaji mwenye mtoto huitambua mara moja.

Mbu aenezaye homa ya dengue, ambayo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, ana mwenendo tofauti. Huuma mchana, na hutaga mayai katika vyombo vyenye maji yaliyotulia. Vyombo hivyo mara nyingi ni vya mapambo: kisahani kilicho chini ya chungu cha ua barazani, chombo cha maua ya mezani, au ndoo iliyosahauliwa nyuma ya bafu. Anayetaka kuipendezesha baraza kwa maua ajaze mchanga kwenye visahani, au amwage maji yake angalau mara moja kwa wiki.

Maji, choo na jiko

Tanki la maji lililoinuliwa juu ya mnara huonekana katika picha nyingi za matangazo, lakini kilicho muhimu hakionekani: mfuniko wake. Tanki lililo wazi huwa mazalia ya mbu na mahali pa kuangukia mijusi na vumbi. Lioshwe kabla ya mpangaji kuingia, lifunikwe barabara, na liwe na njia ya kutoa maji machafu chini. Pale penye kisima, shimo la choo liwe mbali nacho. Umbali wa angalau mita 30 hushauriwa, na zaidi pale ardhi inapopitisha maji kwa wepesi. Sinki la kunawia mikono karibu na choo, lenye maji yanayotoka kweli, huzuia magonjwa ya kuhara kuliko marumaru za ukutani.

Jikoni, dirisha au tundu la kutolea moshi liwe karibu na mahali pa kupikia. Makaa ya mkaa yanapowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mtu aliyefunga madirisha na kulala na jiko la mkaa chumbani aweza asiamke. Nyumba yenye vyumba vya mpangaji mmoja mmoja isiyo na jiko huwalazimisha wapangaji kupikia walalapo. Mwenye nyumba mwenye busara hutenga sehemu ya kupikia iliyoezekwa na iliyo wazi pembeni, hata kama ni ya kushirikiana. Mtungi wa gesi ukikaa nje ya ukuta, bomba likaingia ndani, hatari hupungua zaidi.

Hatari zinazong'aa

Marumaru laini hupendeza zikiwa kavu. Zikilowa bafuni au barazani humwangusha mzee, na kuvunjika kwa nyonga katika umri mkubwa kwaweza kumnyima mtu uwezo wa kutembea. Sehemu zinazolowa ziwekewe marumaru zenye mikwaruzo, na bafu liwe na kishikio. Nondo za madirishani huzuia wezi, lakini moto ukitokea huwafungia wakaaji ndani. Angalau dirisha moja la chumba cha kulala liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani. Mtambo wa kupasha moto maji ya kuogea usifungwe pasipo waya wa ardhi na swichi inayokata umeme unapovuja.

Rangi nayo ina siri yake. Baadhi ya rangi za mafuta zimetengenezwa kwa risasi, madini ambayo huharibu ubongo wa mtoto unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kikomo kinachopendekezwa kwa rangi ni sehemu 90 katika milioni. Mnunuzi achague kopo lililoandikwa kwamba halina risasi. Rangi kuukuu inayobanduka isikwanguliwe ikiwa kavu, kwani vumbi lake humezwa na watoto watambaao sakafuni.

Samani chache zinazofulika na kufutika

Nyumba zinazopangishwa pamoja na samani huwavutia watumishi waliohamishwa vituo, wanafunzi wa mafunzo ya juu na madaktari wa mafunzo kwa vitendo. Kwao, godoro ndicho kipimo. Godoro la mitumba, au kitanda cha mbao chenye nyufa, huweza kuingia na kunguni. Wadudu hawa hawajathibitika kueneza maradhi kwa binadamu, ila huiba usingizi na kuacha ngozi yenye vipele vya kujikuna. Kitanda cha chuma, godoro jipya lenye foronya inayovuliwa na kufuliwa kwa maji ya moto ya nyuzi 60, na sakafu isiyo na zulia la ukuta hadi ukuta, hupunguza kunguni na vijidudu vya vumbi vinavyoamsha pumu. Kabati refu na meza ya runinga vifungwe ukutani, kwa kuwa mtoto hupenda kupanda kila kilicho na ngazi ya droo.

Siku ya kuonyesha nyumba

Maandalizi hayo yakikamilika, kuionyesha nyumba hakuhitaji hila. Madirisha yaachwe wazi tangu asubuhi, na manukato yasipulizwe. Mgeni akaribishwe afungue bomba, apande kulitazama tanki na kusukuma kila dirisha. Akitaka kurudi saa nane mchana ili apime joto, au jioni ili aone mbu, aachiwe. Anayeuliza maswali hayo ndiye anayekusudia kukaa. Makubaliano yaandikwe pamoja na orodha ya kila kilichomo na hali yake, na ielezwe nani ataosha tanki, lini, na nani ataarifiwa paa likivuja. Picha za tangazo nazo zionyeshe dirisha lenye wavu na jiko lenye tundu la moshi, kando ya kochi.

Asiye na fedha za kufanya yote kwa mara moja aanze na yale ya bei nafuu: kuziba mapengo ya nyavu, kufunika tanki, kuondoa maji yaliyotuama na kusogeza kabati mbali na dirisha. Dari ya jasi yaweza kusubiri kodi ya mwaka wa pili. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na chumba ambacho watu hulala vizuri ndani yake, mara nyingi mpangaji anayeondoka humwita nduguye aje akishike kabla dalali hajasikia.