Mtoto wa Mbwa na Hesabu ya Mwaka wa Kwanza

Binti yetu aliomba mbwa kwa miaka miwili. Siku tuliyokubali, sote hapa nyumbani Reading tulikuwa tumeshajadili jina lake, mahali pa kulala na nani atamtembeza asubuhi za baridi. Hesabu ndiyo hatukuikalia chini. Tulijua bei ya mbwa, tukadhani ukishamlipa muuzaji umemaliza.

Ndiyo maana wenzangu katika jumuiya wanaponiuliza mtoto wa mbwa anauzwaje, huwarudisha nyuma kidogo. Waulize kwanza mwaka wake wa kwanza unakula kiasi gani.

Wengi wetu tuliokulia Tanga, Mwanza au Machakos tulimjua mbwa wa uani. Alilinda nyumba, akala ugali uliobaki, na chanjo yake ilikuwa siku bwana mifugo alipokuja na boksi lake la barafu, watoto wakawakokota mbwa kwa kamba hadi kiwanja cha shule. Sindano ile ilikuwa ya kichaa cha mbwa. Uingereza ilikitokomeza kichaa cha mbwa mwaka 1922, kwa hiyo mbwa wa hapa hachanjwi ugonjwa huo ila akitaka kusafirishwa nje. Huchanjwa mengine: parvo, distempa, homa ya ini ya mbwa, na leptospirosi inayoenezwa na mkojo wa panya kwenye madimbwi na mito.

Parvo ndiyo ya kuogopwa zaidi kwa mbwa mchanga. Humtapisha na kumharisha damu mpaka anaishiwa maji mwilini, na virusi vyake hukaa ardhini miezi mingi vikimsubiri mwingine. Siku chache za kulazwa na kutiwa maji mshipani hula fedha ambazo zingelipia chanjo za miaka.

Watu huniuliza mbona sindano si moja tu. Sababu iko kwenye maziwa ya mama. Mtoto wa mbwa akinyonya dang'a hupata kinga ya mama yake, na kinga hiyo humlinda wiki za mwanzo. Lakini kinga hiyo hiyo huizuia chanjo isifanye kazi, nayo hupungua kwa kasi tofauti kwa kila mtoto. Hakuna anayeweza kumtazama kwa macho akajua imekwisha lini. Ndiyo maana daktari humchanja akiwa na wiki sita hadi nane, akarudia wiki mbili hadi nne baadaye, na wengine huongeza ya tatu akifika wiki kumi na sita. Ukilipa ya kwanza ukaiacha ya pili, huenda umelipia sindano ambayo haikushika. Na mpaka daktari aseme tayari, usimshushe chini bustanini kwenye mbwa wengine. Sisi tulimbeba Doa wetu kwenye kanga mgongoni, akachungulia barabara huku binti akimtajia majina ya vitu.

Sasa fedha. Nilianza daftari siku alipofika, na hii ndiyo hesabu yetu wenyewe. Kliniki hutofautiana sana, hata za mji mmoja. Sindano mbili na uchunguzi vilitutoa pauni 85. Dawa ya minyoo na viroboto, pauni 14 kwa mwezi, na hii msiipunguze mkiwa na watoto wadogo, kwani minyoo ya mbwa humwingia na binadamu. Chakula pauni 35 kwa mwezi. Bima pauni 24 kwa mwezi. Kumfunga kizazi pauni 310. Kitanda, kizimba, kamba na vyombo pauni 150, na mafunzo ya wiki sita pauni 90. Jumlisha: pauni 1,511 kwa mwaka, na bei ya mbwa mwenyewe haimo.

Kuhusu bima, someni mkataba kabla ya kutia sahihi. Kwa kawaida hailipii chanjo, dawa ya minyoo wala kufunga kizazi, na ugonjwa aliokuwa nao kabla hamjajiunga haumo. Kila mkidai, kuna kiasi cha kwanza mnachobeba wenyewe. Hata hivyo sitamshauri mtu akae bila bima. Mfupa mmoja uliopikwa ukimchana utumbo, bili yake inaweza kumeza akiba ya mwaka mzima. Na hapo jikoni kwetu kuna hatari ambayo wageni hawaifikirii: pilau. Vitunguu maji na vitunguu saumu humharibia mbwa damu, na zabibu kavu humharibia figo. Waambieni mashangazi na wajomba wanaokuja sikukuu wasimtupie chochote chini ya meza.

Kuna gharama moja iliyotushtua kwa kuwa hatukuitarajia kabisa, ni safari ya nyumbani. Tulikwenda Dar wiki tatu za Desemba, tukamwacha Doa kwenye nyumba ya kulea mbwa kwa pauni 25 kwa usiku. Usiku ishirini na moja ni pauni 525. Na hawakumpokea mpaka walipoona kadi ya chanjo, pamoja na ile ya kikohozi cha mbwa inayopulizwa puani. Anayesafiri kwenda kwao kila mwaka aandike mstari huu kwanza kwenye bajeti yake.

Wapo pia wanaotaka kumleta mbwa kutoka nyumbani. Kenya na Tanzania hazimo kwenye orodha ya nchi zenye masharti mepesi, kwa hiyo baada ya chanjo ya kichaa cha mbwa husubiriwa siku 30, hupimwa damu, kisha husubiriwa miezi mitatu mingine kabla ya kuingia Uingereza. Panga mapema mno.

Kwa wanaonunua hapa England, sheria iko upande wenu. Tangu Aprili 2020 mtu wa kati haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita. Mnunue kwa aliyemzalisha au mmchukue kwenye makazi ya mbwa waliookolewa, na mzalishaji awaonyeshe mtoto akiwa na mama yake. Chipu lazima iwe imeshawekwa kabla hajauzwa, kwa hiyo msikubali kutozwa tena kwa ajili yake. Wenye kipato kidogo waulize shirika la PDSA kama wanastahili kutibiwa mbwa wao kwa bei nafuu au bure.

Kabla ya kwenda kumchukua, piga simu kliniki tatu zilizo karibu nawe. Uliza bei ya seti nzima ya chanjo, ya kufunga kizazi, na ya kuonana na daktari usiku. Andika majibu, yagawe kwa miezi kumi na miwili, kisha ukae na mwenzako muamue.