Blanketi la Noeli kwa Vipande vya Nguo

Kila mwaka Noeli inapokaribia, nyumba nyingi zaingia katika mahangaiko. Baba ahesabu franka, mama ahesabu watoto, wala hesabu hizo mbili hazipatani. Wengine hukopa ili wapendeze siku moja, kisha hulipa deni mpaka Pasaka. Kumbe, ndani ya kikapu mna vipande vya vikwembe vilivyochakaa, navyo twavidharau. Vipande hivyo vyaweza kuwa blanketi zuri la sikukuu.

Tutafuata mfano mmoja uliopendwa sana huko Marekani tangu miaka ya 1860. Wenyeji waliuita kwa jina la nyumba ya magogo, maana kanda za nguo huzunguka kipande cha katikati kama magogo yanavyopangwa kuwa kuta. Kwa desturi, kipande cha katikati huwa chekundu, nacho hufananishwa na moto wa jikoni, unaokusanya watu wote wa nyumba.

Kwanza, chagua nguo za pamba ambazo bado ni imara. Zifue zote, hasa zile mpya, zisije zikatoa rangi au kurudi baadaye. Zipige pasi. Kata vipande vyekundu 24, kila kimoja sentimeta 8 kwa 8. Kisha kata kanda zenye upana wa sentimeta 6, ukitenga rangi nyangavu mbali na rangi nzito. Kila mshono uache ukingo wa sentimeta 1.

Chukua kipande chekundu, ushone ukanda mwangavu upande mmoja, ukate unaozidi, upige pasi. Geuza, ushone ukanda mwangavu wa pili kwenye upande unaofuata. Halafu shona kanda mbili nzito kwenye pande mbili zilizobaki. Huo ni mzunguko wa kwanza. Fanya mizunguko mitatu, na daima rangi nyangavu zikae upande wake, na nzito upande wake. Utapata mraba wa sentimeta 32. Ukiisha kuunganishwa na wenzake utabaki sentimeta 30. Asiye na mashine atumie sindano na uzi imara, mishono iwe midogo.

Ukiisha kupata miraba 24, ipange minne kwa upana na sita kwa urefu. Kila miraba minne, elekeza pembe zake nyangavu katikati. Hapo ndipo uzuri unapotokea: mwanga waonekana kama taa iliyozungukwa na giza, taa sita juu ya blanketi moja. Je, kuna sura inayoifaa Noeli kuliko hiyo? Kipimo chake ni sentimeta 120 kwa 180, chatosha kitanda cha mtu mmoja. Chini yake tandika blanketi kuukuu, na chini kabisa shuka. Funga tabaka hizo tatu kwa mafundo ya uzi katika kila kipande chekundu, kisha zungushia pindo.

Asiwepo anayesema kwamba hiyo ni kazi ya maskini isiyo na heshima. Mama Harriet Powers alizaliwa mtumwa katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1837. Alipokwisha kupata uhuru, alishona blanketi la sehemu 11 lenye picha za Biblia, na ya mwisho yaonyesha Jamaa Takatifu. Mwanzoni alikataa kuliuza; baadaye shida ikamlazimisha kulitoa kwa dola 5, naye akaenda mara kadhaa kulitazama tena kwa mnunuzi wake. Leo blanketi hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya taifa mjini Washington. Nasi hapa Kongo tusisahau Bakuba wa Kasai: wanawake wao hushona viraka juu ya nguo za rafia, na kiraka kinachoficha tundu chageuka kuwa pambo.

Basi, anzeni mapema. Mraba mmoja kwa siku, siku sita kwa juma, Dominika mkipumzika: katika majuma manne miraba 24 yatimia. Mkianza mwanzoni mwa Novemba, Desemba itabaki kwa kuunganisha. Haba na haba hujaza kibaba. Wasichana washone, wavulana wakate na kupiga pasi. Haifai mama kukesha peke yake huku wengine wakingoja kufunikwa. Na wewe baba, usiku wa Noeli utakapoona watoto wamelala katika joto bila deni lolote mlangoni, mshukuru mkeo mbele yao. Shukrani hiyo haina bei dukani, nayo watoto hawataisahau.